Namba 94 Ni Baba Mdogo wa Mwanangu

Bi. Honorata Wambura,
Langley Park, Maryland.
11 Agosti 2025

Kocha Mkuu Dalton,
Timu ya Mpira wa Kimarekani,
Chuo cha Patuxent Ridge.

Ndugu Kocha Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TATHMINI YAKO YA WAPINZANI, HUSUSAN MCHEZAJI NAMBA 94

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa Isack Wambura, mchezaji wako namba 67, yule wa mstari wa mbele upande wa kushoto, ambaye siku ya wazazi uliniambia ana miguu mizuri. Nakushukuru kwa neno lile, japokuwa lilileta ubishi ndani ya gari njia nzima, maana Baba Isack anaamini miguu ile imetoka upande wao.

Naandika kwa Kiswahili, na naomba usilichukulie kuwa ni dharau. Kiingereza changu cha kazini kinanitosha kumuuliza mzee kama amemeza dawa, lakini malalamiko yanataka lugha ambayo haimkimbii mtu akikasirika. Nilimwomba dada yake Isack, Jacqueline, anitafsirie. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasema, "Mama, no. Just no," akaenda kuoga. Kwa hiyo barua hii utasomewa na Isack mwenyewe, akiitafsiri kwa sauti, ofisini kwako. Kiswahili anakielewa chote, ingawa tangu darasa la nne huwa anajibu kwa Kiingereza. (Isack, soma kama ilivyoandikwa. Usiruke, usifupishe, na usimwambie kocha kwamba mama anatania.)

Tarehe 4 mwezi huu Bi. Audrey wa ofisini kwako aliwatumia wazazi wote tathmini ya timu ya Chuo cha Cold Fork, ambao tutafungua nao msimu Jumamosi ya tarehe 30. Ni kurasa kumi na mbili, zenye majina, picha na mishale. Mwishoni aliandika kwamba mzazi mwenye swali au maoni asisite. Sikusita. Mimi nimelelewa hivyo, mtu akikupa karatasi na kukuomba maoni, unaisoma mpaka mwisho na maoni unayatoa. Nimeisoma mara tatu, mara mbili ndani ya basi na mara moja nikiwa nimekaa, na haya ndiyo yangu.

1. Orodha yako imeacha mambo yote ya maana. Inataja urefu, uzito, mwaka wa masomo na kasi ya mtu akikimbia yadi arobaini. Mimi sijawahi kumuuliza mgeni kasi yake. Ukija kwangu nitataka kujua wewe ni mtoto wa nani, kwenu ni wapi, mama hajambo, na umekula nini. Katika wachezaji themanini na tisa wa Cold Fork hakuna hata mmoja aliyeandikiwa jina la mama yake, utadhani wote wameokotwa njiani. Miji wanakotoka umeitaja, sikatai, lakini mtu anaweza kutoka Columbus na asiwe wa Columbus. Sisi wenyewe kwenye karatasi tunatoka Langley Park. Naomba tathmini irudiwe, na safari hii kila jina lifuatwe na wazazi, ukoo, na namba ya simu ya mtu mzima wa familia asiyepungua miaka sitini.

2. Namba 94, Brandon Mwita, amepewa ukurasa wake peke yake. Umeandika ana futi sita na inchi tano, na paundi mia tatu na tano. Nimezigeuza kwa simu, zikatoka kilo mia moja thelathini na nane. Chini ya picha yake kuna mshale unaotoka kwake kwenda kwa namba 67, na maelezo kwamba namba 67 atamzuia peke yake mchezo mzima.

Ndugu Kocha, huu ni mwaka wangu wa kumi na nne katika kazi ya kutunza wazee. Kazini kwetu mtu wa kilo tisini hanyanyuliwi na mhudumu mmoja. Ni sheria, imebandikwa ukutani, na kila mwaka tunafanyiwa mtihani. Kilo mia na ishirini kwenda juu ni wahudumu wawili na mashine ya kunyanyulia, na kabla hujamgusa mtu unamweleza unachotaka kufanya na kusubiri akubali. Hapo tunazungumzia mzee aliyetulia, ambaye mwenyewe anataka kuhamia kwenye kiti akaangalie televisheni. Wewe unataka mwanangu amhamishe mtu wa kilo mia moja thelathini na nane ambaye hataki kuhama, bila mashine, bila mwenzake, na bila kumweleza chochote. Ningefanya hivyo mimi ningefukuzwa kazi siku hiyohiyo. Na Isack bado ni mtoto. Ana kilo mia na ishirini na saba tu, na tangu mwezi wa sita namwona amekonda.

3. Sasa naingia kwenye kiini. Nilipolisoma jina Mwita nilisimama. Nilikuwa nimesimama tayari, maana basi lilikuwa limejaa na limekwama kwenye ule ujenzi wa reli usiokwisha pale University Boulevard, lakini nilisimama zaidi. Mwita ni jina la Wakurya, na Wakurya ndio wakwe zangu. Mimi ni Mhaya wa Bukoba. Niliolewa Tarime miaka ishirini na sita iliyopita, na tangu hapo nimejifunza kwamba Mkurya haachwi apite bila kuulizwa ni wa nani.

Nilianza kuuliza kabla sijashuka. Kundi la Watanzania wa hapa lilinielekeza kwa Bwana Kiprotich wa Woodbridge, Mkenya ambaye anawajua Wakenya wote waliofika Marekani na mwaka waliofika. Baada ya nusu saa alinitumia namba ya mama yake Brandon. Nikapiga.

Anaitwa Nyaguthii, Mkikuyu, ni muuguzi huko Ohio, na ameolewa na Mkurya wa Isebania, upande wa Kenya wa mpaka. Yaani ni mke wa kuja kama mimi, na ameyaona yote niliyoyaona. Tulizungumza saa mbili na dakika arobaini. Nilipomtajia Wambura alipiga kelele: "Wewe! Brandon aliniambia kuna kijana wa huko anaitwa Wambura, nikamwambia hiyo jina si ya bure, uliza kwao ni wapi. Akaniambia ati mambo ya football haiendi hivyo!" Ona sasa. Hata upande wa pili kuna mzazi aliyeliona tatizo na akapuuzwa.

Baba Isack ni fundi wa viyoyozi na ana mkono mzuri wa kuchora. Jioni ile aliuchora ukoo wote nyuma ya boksi la kiyoyozi. Babu Marwa alimzaa Wambura kwa mke wa kwanza, na Mwita kwa mke wa mwisho. Wambura ndiye aliyemzaa Baba Isack. Mwita alivuka mpaka akaenda kuishi Isebania, na Mwita ndiye baba wa huyu Brandon. Kwa hiyo Brandon na Baba Isack ni ndugu, baba zao ni wa baba mmoja. Namba 94, mwenye umri wa miaka ishirini na moja, ni baba mdogo wa mwanangu.

(Isack, irudie sentensi hiyo ya mwisho. Kocha asije akasema hakusikia.)

4. Sijui kwa Wamarekani baba mdogo ni nani. Kwetu ni baba. Akiingia unasimama, akizungumza unanyamaza, na siku baba yako hayupo yeye ndiye anayekwenda kukuposea mke. Kuna mambo mengi unaweza kumfanyia akakusamehe, lakini humkimbilii umeinamisha kichwa, ukampiga bega la kifua, akaenda chini chali mbele ya watu elfu kumi na mbili na wapiga tarumbeta. Tena si mara moja. Jacqueline ananiambia mpira huanzishwa kama mara sitini na tano kwa mchezo. Mara moja mtu anaweza kusema hakumwona. Mara sitini na tano huo ni ugomvi wa ukoo, na utaitishiwa kikao.

Na kuhusu ukurasa wa nne, ambapo baba mdogo wa mwanangu ameitwa mnyama kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, Jacqueline anasema hapa kwenu hiyo ni sifa. Nimeikubali kwa shingo upande. Naomba isirudiwe.

Unaweza kujiuliza haya yananihusu nini mimi, ilhali huo ukoo ni wa mume wangu. Yananihusu kuliko mtu yeyote. Mama mkwe wangu yuko Tarime, ana simu kubwa kuliko yangu, na wajukuu wa kumfungulia video. Akimwona Isack amemkalia baba yake mdogo kifuani, hatasema Isack amekosa, wala mwanawe hatamgusa. Atasema, "Si mtoto wa yule Mhaya." Miaka ishirini na sita nimejitahidi nisiitwe yule Mhaya. Nimejifunza kupika ugali wa muhogo mpaka mikono ikafanya malengelenge. Mwaka jana tu ndiyo ameanza kuniita Mama Isack kwa moyo mweupe, na sitaki kuupoteza moyo huo kwa sababu ya mshale wako.

5. Sipendi kulalamika bila kuleta suluhisho. Nimeziangalia video za michezo yenu na kuona jinsi vijana wanavyokaa kabla ya mpira kuanzishwa. Wanainama, mkono mmoja unagusa chini, wanatazamana wamenyamaza. Mkao ule una heshima na kwa kweli ulinifurahisha. Kinachokosekana ni salamu tu. Napendekeza kabla ya kila mpira Isack aseme, "Shikamoo, baba mdogo," Brandon aitikie, "Marahaba," ndipo mpira uanzishwe. Ukianzishwa kabla hajaitikiwa, usihesabiwe. Nimepiga hesabu ya sekunde nne kwa kila salamu, na mchezo wote utaongezeka dakika nne na kidogo. Nyinyi mnausimamisha kwa muda mrefu kuliko huo ili watu waonyeshwe matangazo ya malori. Refa atahitaji kufundishwa maneno hayo mawili. Bwana Kiprotich amejitolea kuja kumfundisha, ingawa Wakenya wenyewe shikamoo huitoa kwa msimu.

6. Ukurasa wa tisa ndio ulionisikitisha kuliko yote. Umeandika kwamba namba 94 alipasuliwa goti la kushoto mwezi wa tatu, na kwamba vijana wetu wamlazimishe ageukie upande huo. Yaani mtu ameugua, mmejua kuwa ameugua, na badala ya kwenda kumjulia hali mmelichora goti lake na kulizungushia duara jekundu. Hata jirani ambaye hatuongei naye, akitoka hospitali nampelekea uji.

Nilimpa pole mama yake palepale kwenye simu, na kesho yake nikamtumia kwa posta kopo la senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Alinishukuru, akanieleza goti lilivyo, kwamba limepona vizuri ila baridi ikizidi huwa linamkumbusha. Sasa, yeye akiwa amenieleza ya mwanawe, nisingeweza kukaa kimya kama mpelelezi. Habari hupeanwa pande zote. Nikamweleza za kwetu. Nilimwambia bega la kulia la Isack halijarudi sawasawa tangu mwaka jana. Nilimwambia mrusha mpira wako haoni vizuri upande wa kushoto na anakataa kuvaa lenzi. Nilimwambia kijana wako namba 72 hulamba midomo kila mkitaka kukimbia na mpira upande wa kulia, na hailambi mkitaka kwenda kushoto. Haya yote Isack alitusimulia mezani akicheka, nami nikadhani ni habari za kawaida za vijana.

Mama Brandon aliniomba nirudie polepole ili aandike. Alisema atayafikisha kwa Brandon na kwa kocha wao, ili nao wajue hali zetu. Nakutaarifu mapema usije ukashangaa siku ya mchezo wakianza kutuuliza habari za macho.

(Isack, najua umeacha kusoma na unaangalia dari. Endelea.)

7. Familia haziwezi kukutana kwa mara ya kwanza uwanjani zikirukiana. Kwa sababu hiyo tumeunda kamati. Mwenyekiti ni Ndugu Fahmi wa Falls Church, mtu wa kompyuta, ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenu hata dakika moja na kwa hiyo hana upendeleo. Bwana Kiprotich ni mjumbe kutoka Kenya, na mimi ni katibu. Kamati imekaa vikao viwili na kuazimia kwamba kabla ya mchezo wa tarehe 30 kufanyike utambulisho. Timu zote mbili zitajipanga katikati ya uwanja bila kofia. Kila mchezaji atataja jina lake, la baba yake, la mama yake, na kwao ni wapi, na upande wa pili utaitikia. Ndugu Fahmi ameweka kwenye jedwali dakika moja kwa kila mchezaji. Wenye wazazi wanne, kutokana na watu kuachana na kuoa tena, wamepewa dakika mbili. Utambulisho wote utachukua saa tatu na robo, kwa hiyo tunashauri watu wafike mapema.

Kamati inatarajia kwamba katika utambulisho huo undugu mwingine utagundulika. Tayari namba 51 wao anaitwa Gichuki, na Mama Brandon ana hakika ya asilimia sabini kwamba ni wa kwao. Akiwa wa kwao atakuwa mjomba wa baba mdogo wa mwanangu. Cheo hicho sijui kinaitwaje, lakini najua hapigwi. Kila mchezaji atakayegundulika kuwa na ndugu upande wa pili atolewe kwenye mstari, akae kivulini na nduguye wazungumze. Kama watabaki wachache, hao wachache wacheze.

Baada ya hapo kutakuwa na chakula kwenye maegesho ya magari. Tutakuwa na pilau, ndizi za kwetu, na mbuzi wawili ambao Ndugu Fahmi atawachinja mwenyewe ili kila mtu ale kwa amani. Bi. Audrey ameniandikia kwamba mbuzi hawaruhusiwi kwenye maegesho. Nilimjibu kwamba watafika wakiwa wameshachinjwa. Hajanijibu, nami nachukulia kuwa amekubali.

8. La mwisho ni matokeo. Haifai baba mdogo aaibishwe na mtoto wake, na haifai mtoto afungwe nyumbani kwao wageni wakiwa wamekula chakula cha mama yake. Naomba iwe sare. Jacqueline anasema mchezo huu hauna sare, kwamba mkilingana mnaongezewa muda mpaka mmoja ashindwe. Nimelifikiria jambo hilo siku mbili na bado sijaelewa ni watu gani walikaa wakakubaliana hivyo.

Kama sare haiwezekani, basi Isack abadilishiwe kazi. Yuko yule kijana wenu anayepiga mpira kwa mguu. Nimemfuatilia mchezo mzima mwaka jana. Anakaa kwenye benchi, anakunywa maji, anaitwa, anapiga mara moja, anapongezwa, anarudi kukaa, na jezi yake inarudi kwa mama yake bila tope. Isack alikuwa anacheza mpira wa miguu vizuri tu akiwa mdogo, na nafasi ile anaiweza. Na kama imejaa, mwache akae kwenye benchi bila kazi. Ni mchezo mmoja tu, huu wa kwanza. Nitamletea koti.

Ni imani yangu kwamba utayapokea haya kwa moyo ule ule uliosifia miguu ya mtoto wa watu usiowajua. Nisalimie wasaidizi wako wote, Bi. Audrey na familia yake, yule mzee anayewafunga vijana bandeji vifundoni, namba 72, na mrusha mpira, ambaye nimempatia jina la daktari wa macho wa Hyattsville asiyechukua muda mrefu. Baba Isack anakusalimu. Ameisoma barua hii yote, akasema, "Mama Isack, mpira ni mpira," lakini amekubali isainiwe. Jacqueline anasema nisimtaje kabisa, naye anakusalimu.

Mimi ninayelea nawe mtoto mmoja,

Honorata Wambura (Mama Isack)
Katibu wa Kamati

Nakala:
Kocha Mkuu, Cold Fork (kupitia Mama Brandon)
Refa atakayehusika
Mama mkwe, Tarime (asomewe na wajukuu)

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shangazi yake Baba Isack, Shangazi Bhoke, amepiga simu kutoka Tarime. Mama mkwe alikuwa amemwonyesha picha ya lile boksi, tuliyomtumia. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena, akacheka tena. Anasema Mwita mwana wa Babu Marwa tulimzika zamani sana, kabla hata Baba Isack hajamaliza shule. Huyu Mwita wa Ohio, baba yake Brandon, ni mjukuu wake, aliyepewa jina la babu yake kama watoto wote wa Kikurya, na sisi tumewachukua babu na mjukuu tukawafanya mtu mmoja.

Baba Isack amegeuza boksi na kuchora upya. Tumelihakiki mara mbili, na Shangazi yuko kwenye simu. Mwita wa Ohio ni ndugu wa Isack, wako kizazi kimoja, ingawa amemzidi miaka thelathini na tano. Brandon ni mtoto wa huyo ndugu. Kwa hiyo baba mdogo ni Isack, na namba 94 ndiye mtoto.

Kutokana na hayo, hoja namba 3, 4, 5, 7 na 8 nazifuta, na samahani kwa usumbufu. Mtoto kuangushwa na baba yake mdogo halijawahi kuwa kosa mahali popote. Amwangushe mara zote sitini na tano. Shikamoo sasa ataitoa Brandon, na Isack akiwa na haraka si lazima aitikie. Nimeshampigia Mama Brandon na amefurahi, anasema kijana yule amekosa mtu wa kumnyoosha tangu alipompita baba yake kimo. Sare haihitajiki tena. Mbuzi wanabaki palepale, tumeshawaagiza.

(Isack, hapa usimsomee kocha. Kunja karatasi, mwambie barua imekwisha. Boksi lilipogeuzwa baba yako alishangilia, na mimi nikaenda jikoni kujifanya natafuta chumvi, kwa sababu sikuwa na kisingizio tena. Naogopa, mwanangu. Siku ile mwaka jana ulipolala kwenye majani huinuki, wamekuzunguka, mimi niko juu huko nashindwa hata kushuka ngazi, tangu siku ile sijawa sawa. Ningeandika hivyo tu tangu mwanzo, lakini mtu hamwandikii kocha kwamba anaogopa, kwa hiyo nikatafuta ukoo. Nenda ukacheze. Brandon akianguka mpe mkono ainuke, ni mtoto wako. Ukianguka wewe, inuka upesi, kwa sababu mimi nitakuwa nimefumba macho, na Mama Brandon ameahidi kuniambia ukishasimama.)